Jumatano Ilikuwa Nyuzi 84

Bagara, Babati
11 Agosti 2024

Kwako mdogo wangu Amosi,

Sisi wazima. Presha ya mama imeshuka, goti bado linamsumbua akiinuka. Shambani Sigino tumevuna magunia kumi na saba ya mahindi. Mwaka jana yalikuwa ishirini na mawili. Shangazi Rosalia amehamia Maisaka kwa mwanawe na anakulaumu kwamba humpigii. Hizo ndizo salamu.

Usishangae kupata barua wakati simu unayo. Simuni nikianza tu unasema "dada subiri nikueleze", na ukishanieleza nakuwa nimesahau nilichopigia. Karatasi haina subiri. Nimempa kondakta wa basi la Dodoma ataiacha ofisini kwao. Ni mwendo wa saa nne tu, ingawa kwa mtu ambaye hajaonekana tangu Pasaka naona barabara imerefuka.

Jambo lenyewe ni kompyuta. Unakumbuka nilikuambia nataka tu uniunganishie vifaa nilivyonunua, basi. Ukaniambia, "Dada, hii prosesa imeumbwa kukimbia, kiwandani wameifunga breki. Inakwenda kasi ya gigahezi 4.2, mimi nitaipeleka 4.9 na hilo pipa la feni mbili litaipoza." Nikakuuliza ni salama? Ukasema ni salama. Nikapiga hesabu mwenyewe: harusi ya saa tatu, kuirenda iwe faili moja la video, kwa 4.2 inachukua saa tano na dakika arobaini. Kwa 4.9 inatakiwa saa nne na dakika hamsini na moja. Dakika arobaini na tisa si kitu cha kukataa. Nikakubali.

Sasa sikiliza. Tangu Juni, harusi zilipoanza tena baada ya masika, inazima. Naiwasha saa mbili asubuhi irende, naenda kupiga picha za watu, nikirudi naikuta imekufa kimya na faili halipo. Mara kumi na moja. Nimeandika zote.

Na sasa nina harusi ya Evelyne, binti wa Mzee Severini wa Maisaka. Unamjua huyo mzee: hakuna kamati ya harusi Babati hii ambayo yeye si mwenyekiti au rafiki wa mwenyekiti. Wanavunja kamati tarehe 12 Oktoba, na siku hiyo wanataka waitazame video ukumbini. Nikishindwa, hakuna kamati itakayoniita tena, na miaka kumi na nne ya kubeba kamera inaishia hapo. Nitarudi Sigino kulima na hayo magunia kumi na saba.

Uliifanya nini mashine yangu?

Dada yako,
Scholastica


Dodoma
25 Agosti 2024

Dada Skola, shikamoo.

Barua ilikaa wiki nzima ofisi ya mabasi, wananiambia iliangukia nyuma ya magunia ya vitunguu, na kweli inanuka. Wifi yako Hosiana anakusalimu, yuko kazini kama kawaida. Mimi wanafunzi wangu wako kwenye mitihani, chuo chote kimenuna.

Pole kwa usumbufu. Dada, usiwe na wasiwasi: kompyuta ikizima yenyewe hivyo maana yake prosesa imefika nyuzi mia moja, ikajiokoa. Haijafa. Nadhani ni vumbi. Bagara mnaijua wenyewe, barabara iko mlangoni. Fungua ubavu, puliza feni zote, toa pipa la kupozea, futa ile dawa nyeupe inayopitisha joto, weka mpya kiasi cha punje moja ya njegere. Usipake kama siagi.

Halafu ile programu niliyokuwekea inaandika joto la juu kabisa la kila siku. Ninakilie ya wiki tatu, niyaone.

Niliipima kabla sijaondoka, ilikaa vizuri.

Msalimie mama. Mwambie nitapiga.

Mdogo wako,
Amosi


Bagara
22 Septemba 2024

Amosi,

Mama mzima. Anauliza kila jioni kama umepiga, namwambia mtandao. Ng'ombe wa jirani ameingia kwenye mbaazi zetu, tumesemana, yamekwisha.

Nimepuliza vumbi. Lilitoka la kujaza kikombe. Nimeweka dawa punje moja ya njegere, nikaipima na njegere yenyewe pembeni. Haikusaidia. Haya ndiyo majoto, tarehe kwa tarehe:

Tarehe 2 nyuzi 99. Tarehe 3, 100, ikazima. Tarehe 4, 84. Tarehe 5, 98. Tarehe 6, 100, ikazima. Tarehe 9, 99. Tarehe 10, 100, ikazima. Tarehe 11, 83. Tarehe 12, 100, ikazima. Tarehe 16, 99. Tarehe 17, 100, ikazima. Tarehe 18, 85.

Mimi nimeishia darasa la saba lakini naona: imeshuka tarehe 4, 11 na 18. Siku saba, siku saba. Zote Jumatano. Vumbi halina ratiba, Amosi. Wewe mwenye cheti ukutani niambie ni nini.

Na jingine usiliruke. Tarehe 11 ilikuwa 83 tu, baridi kabisa, lakini dakika ya 52 ikaleta skrini ya bluu ikaanza upya. Jumatano nyingine mbili hivyohivyo, dakika ya 47 na dakika ya 61. Hazikufika mia. Na zile siku za 98 na 99 ziliishia kwenye bluu hiyo hiyo.

Zimebaki siku ishirini.

Scholastica


Dodoma
29 Septemba 2024

Shikamoo dada.

Huku joto limeanza, maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Hosiana alikuwa na homa, amepona.

Dada, majoto yako yameandikwa vizuri kuliko ya wanafunzi wangu, nimewasomea darasani bila kutaja jina. Jibu liko kwenye Jumatano. Nyuzi kumi na tano haziondoki bure. Siku nyingine kuna kitu kinazuia hewa ya moto kutoka, na Jumatano hicho kitu hakipo. Hewa ndiyo kila kitu kwenye mashine hii. Hakuna maji, hakuna barafu, ni feni na njia. Ya mbele inavuta, ya nyuma na zile za juu zinatoa. Ukiziba juu, unaichemsha kama chungu.

Kwa hiyo nakuuliza: Jumatano kuna nini hapo nyumbani? Nani hayupo? Nini kinahamishwa?

Ukipata hilo, tatizo limekwisha.

Amosi


Bagara
20 Oktoba 2024

Amosi,

Tuko salama. Mvua bado. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu inachukua muda.

Tarehe 12 nilikwenda ukumbini mikono mitupu. Watu themanini na wanne walishakaa, wamekula, wanasubiri video. Nilisimama mbele nikasema mitambo imesumbua. Mzee Severini hakufoka, afadhali angefoka. Alisema, "Skola, wewe tulikuita kwa sababu hujawahi kutuambia habari za mitambo." Mtu mmoja nyuma akasema, "Tumuite yule kijana wa stendi." Wakacheka. Bibi arusi alikuwa anaangalia meza.

Wamenipa tarehe ya mwisho, 30 Novemba, siku moja kabla ya Majilio. Ikipita hiyo, picha zote nizikabidhi kwa huyo kijana wa stendi aitengeneze video yeye.

Jumatano ni siku kama siku nyingine. Mama anakwenda mkutano wa akina mama kanisani, anarudi saa tisa. Mimi natafuta riziki.

Wewe hujanijibu kuhusu dakika ya 52.

Scholastica


Dodoma
27 Oktoba 2024

Shikamoo dada, pole sana kwa ya ukumbini. Niliposoma hilo la kijana wa stendi nilitoka nje kwanza.

Lakini, dada, umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Umesema mama hayupo Jumatano, halafu ukaruka kama umekanyaga moto. Mama anafanya nini siku nyingine?

Amosi


Bagara
3 Novemba 2024

Amosi,

Haya. Sina salamu leo.

Nimejua tangu Jumanne tarehe mosi Oktoba. Barua yako ilikuwa imefika asubuhi hiyo. Nikaiwasha mashine irende kama kawaida, nikaaga, nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba nikasimama dirishani. Hazikupita dakika tano. Feni zilipoanza kuvuma, mama akatoka chumbani na goti lake, kitambaa mkononi, kile kikubwa cheupe alichofuma cha kufunikia redio ya marehemu baba. Akakikunja mara mbili, akaifunika kompyuta juu na kushusha mpaka nyuma. Akakinyoosha pembe. Akarudi kulala.

Miezi yote hii nilikuwa nikirudi naikuta imezima na imefunikwa, nikadhani ameifunika kwa sababu imezima. Kumbe imezima kwa sababu ameifunika.

Nikaingia. Nikamuuliza, "Mama, hiki kitambaa umeweka wewe?"

"Mimi. Mashine ya Amosi ikianza kuvuma inavuta vumbi lote la barabara. Wewe huoni?"

"Mama, mashine ni yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Si umeachiwa wewe uitunze?"

Amosi, ile kompyuta nimeinunua mimi, kifaa kwa kifaa, miaka kumi na nne ya kusimama kwenye viti vya watu nipate picha ya keki. Wewe uliingia Ijumaa Kuu na bisibisi, ukaifungua tumbo mama akiangalia, ukatoka Jumatatu ya Pasaka bila hata kunywa chai. Kamera zangu tatu hazijawahi kupata kitambaa. Meza yangu haina kitambaa. Hiyo ina kitambaa kwa sababu ulitia mkono wewe.

Ningekuambia nini? Kwa shangazi Rosalia nilishasema mbele ya watu kumi na mmoja kwamba Amosi ameniharibia mashine. Ningewarudia mmoja mmoja niseme hapana, ni mama? Na mama nimwambie kwamba upendo wake ndio umenisimamisha mbele ya watu themanini na wanne? Nimejaribu. Nikikiondoa anakirudisha. Nikimwambia kinaleta joto ananiambia, "Amosi hajasema."

Hilo ndilo langu. Nimelisema. Sasa lako.

Jumatano hakuna kitambaa. Joto 84, 83, 85. Na bado skrini ya bluu, mara tatu kwa tatu. Tarehe mbili Oktoba tena, nikiwa nimekaa mbele yake kwa macho yangu, dakika ya 55. Kwa hiyo kitambaa kinaeleza mia moja, hakielezi dakika ya 52. Ulisema uliipima. Nauliza uliipima dakika ngapi. Jibu kwa tarakimu.

Zimebaki siku ishirini na saba.

Scholastica


Dodoma
10 Novemba 2024

Dada Skola, shikamoo.

Kumi na mbili.

Ilikataa kuwaka kwa 4.9, nikaisukumia volti mpaka 1.42 ikawaka. Nikaipima dakika kumi na mbili, haikuzima, nikafunga ubavu. Ilitakiwa saa tatu. Na nilitakiwa nipande hatua moja moja kutoka 4.2, mimi niliruka saba kwa mara moja kwa sababu nilitaka uone namba kubwa kabla sijaondoka. Na niliondoka kwa haraka kwa sababu Jumapili ile mama aliniuliza mbele ya wageni nitajenga lini, na wewe ulikuwa umekaa kwenye chumba ulichojenga wewe. Sikutaka kusubiri swali la pili. Ndiyo maana sipigi.

Sasa fanya hivi, na ufanye mwenyewe, mimi usinisubiri. Wakati mashine inaanza ingia kwenye mipangilio yake ya ndani, rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Isogeze mbali na ukuta upana wa kiganja, juu pawe wazi. Ipime saa moja, andika joto. Kisha panda 4.3, volti usiguse. Ipime dakika kumi. Ikikaa, 4.4. Hivyo hivyo, hatua moja moja. Ikianguka, una njia mbili: rudi hatua moja, au ongeza volti kidogo sana, 0.01 kwa mara, lakini usivuke 1.30 hata nikikuambia mimi. Joto likizidi 85 umefika mwisho, shuka. Ile utakayoichagua mwisho, ipime saa tatu mfululizo ndipo uiamini na harusi ya mtu.

Ndani ya bahasha kuna barua ya mama. Msomee. Nimeandika yote, na hilo la dakika kumi na mbili nimeliandika pia.

Mdogo wako,
Amosi


Bagara
1 Desemba 2024

Amosi,

Mama mzima, mvua imenyesha siku tatu, tumepanda.

Barua yako nilimsomea tarehe 14 baada ya chai, maana macho yake hayaoni mwandiko wako na hata yangu yanapata tabu. Nikasoma ulipoandika kwamba mashine ameinunua Skola na wewe ulifunga skrubu tu.

"Skrubu tu?" akauliza.

"Skrubu tu, mama."

"Na alivyokuwa anahema siku ile!"

Nikasoma pa kitambaa, kwamba hewa ya moto inakosa pa kutokea. Akasikiliza, akauliza kama hata kitambaa chepesi, nikamwambia hata chepesi. Akanyanyuka mwenyewe akakitoa. Kisha akanigeukia, "Sasa kwa nini miezi yote hukusema ni yako?"

"Mama, nimesema mara ngapi?"

"Ulisema. Lakini Amosi ameandika."

Basi, Amosi. Nilitoka nje na mimi kwanza.

Nikarudi kumalizia. Nilipofika pale pa dakika kumi na mbili nikaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye "wako mtiifu". Usidhani nimekuhurumia. Alikuwa anacheka bado kwa hilo la kuhema, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kulikatisha. Ukitaka ajue, saa nne za basi.

Mashine nimeifanya mwenyewe, siku nne, daftari mkononi. Kwa 4.2 joto lilikuwa 66. Nikapanda. 4.4, nyuzi 71, volti sikugusa. 4.5 ilianguka dakika ya tisa, nikaongeza volti kidogo kidogo mara tatu, ikafika 1.27, ikakaa. 4.6 nikaijaribu kwa tamaa tu. Ilipita zile dakika kumi, nikaiacha iendelee, dakika ya 38 ikaanguka. Ungekuwa wewe ungekuwa umeshafunga ubavu na kupanda basi. Nikarudi 4.5. Saa tatu kamili, haikuzidi 77, haikutikisika. Huo ndio mwendo wake. Ile 4.9 yako ilikuwa ya kumwonyesha mtu.

Tarehe 26 nikairendesha harusi ya Evelyne. Hesabu yangu ilisema saa tano na dakika kumi na saba. Ilichukua saa tano na dakika kumi na tisa. Hizo mbili sijui zimekwenda wapi, nazitafuta.

Jana tumevunja kamati. Nilimpeleka mama, akakaa mbele. Video ilikwenda saa tatu nzima bila kukwama, watu wakaitana majina walipojiona ukutani, bibi arusi alilia mahali alipotakiwa kulia. Mwishoni Mzee Severini akasimama na kipaza sauti, akasema kamati inamshukuru Skola, na kwamba kwa harusi mbili za Januari ameshalitaja jina langu. Akauliza, kwa utani, safari hii mitambo ametengeneza nani?

Kabla sijafungua mdomo mama akasimama, goti na yote. Akaomba kipaza sauti. Akasema, "Mashine ni ya Skola, kainunua mwenyewe kwa jasho lake." Kisha akaongeza, "Amosi alifunga skrubu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kwa muda mrefu, wengine wamesimama. Nimekaa toka jana najaribu kuyagawanya, yangu ni mangapi na yako ni mangapi, na hesabu hiyo imenishinda.

Dada yako,
Scholastica